Baiskeli Mbili Hadi kwa Mama Mkwe

Mtu wa umri wangu akionekana anapanda kilima kwa baiskeli, na nyuma kwenye keria hana mkungu wa ndizi, wala dumu la maji, wala gunia la muhogo, watu wa Ukerewe humwonea huruma. Siku ile tuliposhuka melini Nansio, mimi na mke wangu, kila mmoja akikokota baiskeli yake, muuza machungwa wa pale bandarini alituuliza msiba uko kijiji gani. Mke wangu akamjibu kwamba hakuna msiba, tunatembea tu. Yule mama alitutazama mmoja mmoja, kisha akatuongezea chungwa ambalo hatukuliomba. Nadhani alikuwa anatufariji.

Wazo la kutembea tu halikuwa langu. Mimi ni mtu wa baiskeli, lakini wa baiskeli iliyosimama. Nina duka la vipuri Mkuyuni, Mwanza, na miaka yangu mingi nimeipitisha katikati ya minyororo, spoku na matairi yanayoning'inia darini. Naweza kukuambia kwa kusikia tu kwamba beringi ya gurudumu lako la nyuma imekwisha. Ukiniuliza mara ya mwisho niliendesha lini, hata hivyo, nitaanza kuzungumzia mvua. Mke wangu ndiye aliyestaafu ualimu, akakaa nyumbani kwetu Kiseke miezi michache akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kisha akaniambia anataka kukizunguka kisiwa chao kwa baiskeli kabla magoti hayajamkatalia. Alikulia huko, kwenye vilima, akipeleka machungwa ya baba yake sokoni kwa baiskeli ya kiume. Nikamwambia magoti yangu mimi yalishakataa zamani, ila yamekuwa yakimstahi. Akacheka. Kesho yake alikuja dukani, akachagua baiskeli mbili nzuri kuliko zote, akazijaribu kengele moja moja.

Nilijua, naye alijua kwamba najua, kuwa safari ile haikuwa ya matembezi peke yake. Mwisho wa njia alikuwepo mama yake.

Mama mkwe wangu anaishi peke yake juu ya kilima kimoja ng'ambo ya kisiwa, kati ya migomba na miamba, na hapo anapika pombe ya ndizi inayojulikana vilima vyote vya jirani. Macho yake yalikuwa yanafifia. Daktari wa macho aliyepita Nansio alimwona na kusema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na kwamba akifanyiwa upasuaji Mwanza ataona tena. Akichelewa sana, kazi itakuwa ngumu. Ingembidi akae mjini wiki kadhaa, arudi kliniki, awekewe dawa ya matone. Mke wangu alimpigia simu mara nyingi kumsihi. Kila mara mama alijibu jambo lile lile: atakwenda siku atakapopata pa kulala. Nyumba yetu ina vyumba vya kutosha, na kimoja kilishatandikwa kwa ajili yake. Lakini ndani ya nyumba hiyo nimo mimi, na mimi ni mkwe wake.

Kwetu Usukumani mama mkwe tunamheshimu, ila ukoo wa mke wangu wanaheshimu mpaka inauma. Tangu nilipooa, sikuwahi kumpa mama yule mkono. Nilimwamkia kwa mbali, nimeutazama ukuta, naye aliitikia akiwa ameutazama ukuta mwingine, kanga imeshuka usoni. Hatukula pamoja. Tukikutana njiani, mmoja wetu aliingia kichakani kumpisha mwenzake, na kwa kuwa mimi ndiye mdogo, vichaka vya kilima kile vinanifahamu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama alikuja Mwanza akafikia kwa ndugu yake pale Mkuyuni. Kila asubuhi nilipotoka kwenda kazini ndipo alipokuja Kiseke kumwogesha mjukuu, na jioni kabla sijarudi alishaondoka. Nilikuwa nakuta harufu ya moshi wake jikoni na mtoto amelala. Ndugu yule alishahamia mbali, na kwingine kwa kufikia hakuna. Nilimpenda mama yule kwa namna ya ajabu, kama unavyompenda mtu wa redioni: sauti unaijua, sura huna hakika nayo.

Kwa hiyo tulipanda. Njia ya kutoka Nansio huanza kwa upole, lami kwanza, halafu vumbi jekundu kati ya mashamba ya muhogo na michungwa. Kisha vilima vinaanza, navyo havina adabu. Unapanda kimoja ukidhani ndicho, ukifika juu unaona kingine kimesimama nyuma yake kinakungoja. Mke wangu alikuwa mbele muda wote, mgongo umenyooka, gauni limefungwa fundo pembeni lisiingie kwenye mnyororo, anasalimia kila mtu kwa Kikerewe na kuulizwa yeye ni wa nani. Mimi nilikuwa nyuma namlaani aliyefunga gia, na aliyefunga gia hizo namfahamu kwa sababu ni mimi mwenyewe. Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, hawakuwa na baiskeli yenye breki za dukani kwangu. Mimi kushuka kulinifurahisha. Nilishuka vilima vile nikiwa nimefungua mdomo, upepo wa ziwa unaingia, nacheka peke yangu. Ilikuwa muda mrefu sijacheka bila kuchekeshwa na mtu.

Pale Bukindo tulisimama kwenye jumba la kale la mtemi. Mtu anayelitunza alitutembeza kwenye vyumba vyenye kuta nene, akatuonyesha mtemi alipokuwa akipokea wageni, akasimulia vita na ndoa za zamani. Mke wangu, mwalimu hata akistaafu, alimsahihisha mahali pawili. Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nilimwuliza kama mtemi naye alimkimbia mama mkwe wake. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema mtemi ndiye aliyekimbia kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na mama wakwe wengi, na asipokuwa mwangalifu angeweza kukosa pa kupita katika nchi yake mwenyewe. Nilitoka pale nikijiona mwenye afueni.

Kutoka hapo unaingia kwenye nchi ya pombe. Sijui niiite vipi. Vijiji vile ni vya zamani, makanisa yake ya mawe yamejengwa na mikono ya mababu wa wanaosali humo leo, na karibu kila mji wa familia wenye migomba una mtumbwi wa kukamulia. Huu si mtumbwi wa ziwani, ni gogo lililochongwa tumbo ambamo ndizi mbivu hukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Maji hayo yakichanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba, kesho yake yameanza kuzungumza. Kila kilima kina ladha yake. Tuliposimama kupumzika tulipewa kuonja, na kila mwenye mji alitaka kujua tumeonja kwa nani kabla yake na ilikuwaje. Kwa mama mmoja karibu na Kagunguli ilikuwa tamu na laini. Kwa jirani yake ilikuwa kali kidogo na ina moshi. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimeanza kuichuja na kuitia kwenye chupa, wakaiita divai, nasi tukaionja chini ya bati lao, tukaisifia kwa dhati. Lakini kila tuliposifia, mtu alituuliza tunakwenda wapi, na mke wangu alipotaja kilima cha mama yake, waliweka vibuyu chini kwa heshima. "Basi huko mtakunywa," wakasema.

Tulifika jua likiwa bado liko juu ya ziwa. Mke wangu alipiga kengele kwa mbali, kwa utaratibu fulani waliokuwa nao tangu utoto wake, na mama akatoka. Mimi nilisimama kando ya miamba, nikageuka, nikatoa shikamoo yangu kuelekea ziwani. Nikasikia marahaba imetoka upande wa migomba. Hayo yakaisha salama.

Jioni ile mke wangu alimsihi mama yake tena, jikoni, na mimi nikiwa nimekaa sebuleni na ugali wa muhogo na sato wangu nilisikia kila neno, kwa sababu ukuta wa udongo hauna siri. Mama hakubishana. Alisema tu kwamba ndizi alizozifukia shimoni ziive ziko tayari na kesho zinakamuliwa, kuna harusi ya jirani inazisubiri, na hayo ya Mwanza hawezi kuyafikiria na ndizi zimeiva. Mke wangu aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Akaniambia mama alikuwa anapapasa kutafuta kijiko kilichokuwa mbele yake, na kwamba kovu jipya mkononi ni la moto. Nililala na hasira, wala sikujua namkasirikia nani. Huwezi kuikasirikia heshima unayopewa.

Asubuhi ndizi zilitolewa shimoni, zikamenywa, zikajazwa mtumbwini nyuma ya nyumba. Aliyepaswa kukanyaga ni mtoto wa kaka yake mama, mtu mzima mwenye familia, anayekaa kilima cha pili na ambaye hukanyaga kila mara, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wanaume wa nyumba. Hakutokea. Tulisikia kwamba alfajiri alikwenda kutega nyavu na bado hajarudi. Mke wangu akachukua baiskeli akaenda kusagisha mtama mashineni, akaniambia nikae mbele ya nyumba nisisumbue mtu. Nikakaa. Jua likapanda. Nilisikia nzi wanaanza kukusanyika nyuma ya nyumba, na mama anawafukuza kwa tawi akilalamika peke yake kwamba ndizi zikipata joto zitachacha kabla ya wakati wake. Halafu nikasikia kitu kingine: mbao zinasogezwa, na pumzi ya mtu mzima anayejaribu kupanda juu ya kitu.

Nilikwenda kuchungulia tu. Mama alikuwa ameinua mguu, anapapasa ukingo wa mtumbwi, anataka kuingia akanyage mwenyewe. Kokoto ikalia chini ya kiatu changu. Akageuka upande wangu, uso wake mzima bila kanga, mara yangu ya kwanza kuuona, akaniuliza kwa ukali kama hii ndiyo saa ya watu wazima kuja kazini.

Nilifungua mdomo. Kama ningesema neno, angejua amemkodolea macho mkwe wake na kumkaripia. Kama ningerudi nyuma, angepanda tena na kuanguka. Nikafunga mdomo. Akaniamuru nivue viatu, ninawe miguu, niingie, na nisilete uvivu wangu wa juzi. Nikavua viatu, nikanawa, nikaingia.

Ndizi mbivu chini ya unyayo zina ubaridi wa kushangaza. Zinapanda kati ya vidole, zinateleza, na nyasi zinakukwaruza ili usijisahau. Nilikuwa sijui ninachokifanya. Nilikanyaga kama mtu anayezima moto, na mama akasikia, akaokota fimbo, akanichapa kwenye shavu la mguu, si kwa nguvu, kama unavyomchapa ng'ombe wa nyumbani. Akaniambia kisigino kwanza, kisha vidole, polepole, nisizipige bali nizikande. Nikakanda. Aliposikia sauti imekuwa sawa, akakaa kwenye kigoda karibu na miguu yangu na kuanza kuzungumza kama watu wanavyozungumza kazi inapokwenda vizuri.

"Mkwe wangu yuko pale mbele," akasema. "Wamekuja na baiskeli, watu wazima wale. Wanataka nikalale kwake."

Nikaendelea kukanyaga. Sikupata kukanyaga kitu kwa uangalifu kama ule.

"Na mimi nataka kwenda. Nani anapenda giza? Lakini fikiri mwenyewe. Mwenye macho humwona mkwe wake anakuja akampisha. Mimi nitampishaje mtu nisiyemwona? Nitamgonga kwenye mlango. Nitamshika mkono nikidhani ni binti yangu. Mtu aliyeniheshimu miaka yote hii, nikamvunjie heshima yake ndani ya nyumba yake?"

Machozi yalinitoka, nasema wazi. Nilikuwa nimedhani ananikwepa. Kumbe alikuwa ananilinda. Maji ya ndizi yalianza kuchuruzika, akachovya kidole, akaonja, akasema leo nimekanyaga vizuri, huenda ndoa imeanza kunifunza. Nami nikasimama humo ndani, suruali imekunjwa hadi magotini, nimelowa utamu, namwomba Mungu mpwa wake asitokee.

Akatokea. Alikuja na samaki mkononi, akizunguka nyumba kwa mwendo wa mtu anayejua amechelewa, akasema kwa sauti kubwa, "Shikamoo, shangazi."

Fimbo ilimponyoka mama. Aliutazama upande wa sauti, kisha akautazama upande wangu, kisha akanyoosha mkono polepole kuelekea kivuli changu, akaurudisha bila kunifikia. Akashusha kanga mpaka kidevuni, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mke wangu aliporudi na unga wake alinikuta nimekaa juu ya jiwe, miguu imeganda sukari na sisimizi wameanza kuifuata. Nilimsimulia. Alicheka kwanza, alicheka mpaka akaketi chini, kisha kicheko kikamkatika akashika kichwa. Alijua mama yake hawezi tena hata kusikia neno Mwanza. Na mpwa, ambaye alikuwa amesimama na samaki wake kama aliyeletwa mahakamani, akaongeza jambo ambalo mimi sikulijua. Katika ukoo wao, pombe ikiiva, kikombe cha kwanza humiminwa na mwenye mtumbwi kwa mkono wake, akampa aliyekanyaga mkononi, wote wakiona. Aliyekanyaga akinyimwa, pombe hiyo hainywewi na mtu. Inamwagwa kwenye migomba. Lakini mkwe hapokei kitu mkononi mwa mama mkwe. Hakuna aliyewahi kuona mkwe akikanyaga, kwa hiyo hakuna aliyejua la kufanya. Na harusi ilikuwa inakaribia.

Nikasema basi mpwa aseme amekanyaga yeye. Mpwa akaniangalia kwa masikitiko. Akasema pombe haidanganywi.

Mpwa na mke wangu walichuja, wakachanganya mtama, wakafunika. Mama hakutoka siku ile isipokuwa kwa shughuli zake za lazima, nami kila aliposogea nilipanda miamba nikae mbali. Pale juu nililiona ziwa lote, na boti zinarudi, na moshi wa miji mingine ya pombe kwenye vilima tulivyovipita. Hata katika aibu ile, moyo wangu ulikuwa na raha fulani niliyoionea haya. Mtu alikuwa ameniambia nimekanyaga vizuri.

Kesho yake majani yalipofunuliwa harufu ilijaza uwanja. Majirani walikuja, na wenye harusi na vibuyu vyao. Walishasikia, kilima kile hakina redio wala hakiihitaji. Walikaa kwenye mikeka wakingoja kuona kama pombe itanywewa au itamwagwa. Mimi niliketi mwisho kabisa, nimeutazama mgomba.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Alimwambia mpwa ajaze kibuyu kidogo, akakishika kwa mikono miwili, akaanza kutembea. Mke wangu aliinuka kumshika, akamkatalia. Alikuja polepole, akipapasa ardhi kwa nyayo, akanipita kidogo, akasimama. Mtu mmoja kando yangu akakohoa kumwonyesha nilipo. Akageuka, akakishusha kibuyu hadi usawa wa kifua changu. Kanga ilikuwa mabegani.

"Aliyekanyaga hanywi kwa mkono wa mwingine," akasema.

Nikapokea. Vidole vyetu vikagusana, na mbingu haikuanguka. Nikanywa. Sitasema ilikuwa tamu kuliko zote tulizoonja njiani, maana sikumbuki ladha yake. Nikamrudishia, naye, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akanywa kilichobaki, akafuta mdomo.

"Sasa nimekunywa maji ya miguu yako," akasema. "Aibu gani imebaki?"

Mzee mmoja alianza kucheka, halafu wote, na mke wangu akaja akatukumbatia sote wawili, jambo ambalo ni kinyume cha mila nyingine mbili au tatu, lakini siku ile hakuna aliyekuwa anahesabu. Harusi ilipata pombe yake. Jioni mama mwenyewe ndiye aliyeuliza meli inaondoka Nansio saa ngapi.

Pikipiki aliikataa. Alisema alikwenda kanisani kuolewa kwenye keria ya baiskeli na atakwenda Mwanza kwenye keria ya baiskeli. Mke wangu akaanza kufunga mto kwenye keria yake. Mama akasikiliza, akasema hapana, yule mwingine ndiye mwenye miguu. Ameipima kwa fimbo na haikutikisika. Kwa hiyo tulishuka vilima hivyo hivyo tulivyovipanda, mke wangu mbele na mizigo, mimi nyuma na mama mkwe wangu ameketi upande, mkono mmoja ameshika tandiko langu. Kunishika kiunoni bado hakuweza. Wala kuongea nami moja kwa moja bado ilimshinda, mazoea ni kitu kigumu, kwa hiyo aliongea na baiskeli.

"Baiskeli," alisema kwenye mteremko wa kwanza, "mwambie anayekuendesha apunguze."

Nami nikaiambia baiskeli impe mama pole. Watu walisimama kandokando kutazama. Tulipopita kwa yule mama wa karibu na Kagunguli, alisimama na kata mkononi, mdomo wazi, na mama mkwe wangu akaiambia baiskeli isisimame, pale pombe yao hupikwa kwa haraka. Bandarini, muuza machungwa alitukumbuka. Alimwangalia bibi kizee kwenye keria na kitambaa chake kichwani, akatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo, akatuuliza mgonjwa anaendeleaje. Mama akamjibu kwamba mgonjwa anakwenda kuona.

Alilala kwetu, chumba alichotandikiwa. Asubuhi ya kwanza tuligongana kwenye mlango wa jikoni, kama alivyoogopa. Alisimama, nikasimama. Akauambia mlango umpishe anayetangulia kazini. Nikapita.

Walimpasua jicho moja kwanza. Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwa wodini, mke wangu ameushika mkono wake, mimi nimesimama mguuni pa kitanda, na kwa mazoea nimeugeukia ukuta. Nesi akafungua. Akamwonyesha vidole, mama akavitaja. Akamwonyesha dirisha, akaulizwa anaona nini nje, akasema jiwe, na juu yake ndege mweusi, na ndege anajikuna. Mke wangu akaanza kulia. Kisha nikajua anatazama wapi kwa jinsi shingo yangu ilivyopata joto.

"Geuka," akasema. Hakumwambia kitanda wala nesi.

Nikageuka. Aliniangalia muda mrefu, kwa jicho moja lenye maji, kutoka kwenye viatu hadi kichwani, na kichwani akakaa.

"Kumbe una mvi," akasema. "Mimi huku nilikuwa namwombea kijana."

Nilikuwa nimemwamkia maisha yangu yote ya ndoa, kwenye kuta, kwenye migomba, kwenye maji ya ziwa. Nikainama kidogo pale mguuni pa kitanda, nikamtazama usoni, nikamwambia shikamoo, mama. Naye akaitikia marahaba, bila kushusha kanga.